Mkeka wa futari, jiko na mshahara: namna ya kuchagua vyombo vya kuuza bazaa ya Ramadhani

Wale mliokosa kikao cha Jumamosi ya tarehe 24 Januari 2026 pale Mbagala, wengi mmenitumia voisi mkiomba niwahadithie, nimeona niandike tu yote kama nilivyoongea. Picha nilizokuwa naonyesha kwenye simu nimeziacha, maneno yapo.

Assalaam alaykum kina mama. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni mama zangu mliokaa huku mbele, na nyie wadogo zangu mliosimama mlangoni ingieni jamani, mkeka upo, tubanane.

Mwenyekiti kaniita niongee kuhusu vyombo. Bazaa yetu inaanza wikiendi ya tarehe 14 Februari, itakuwa kila Jumamosi na Jumapili mpaka karibu na Idd, na nimeambiwa kwamba humu ndani meza kumi na moja zimeandikisha vyombo. Kumi na moja! Sasa nawauliza, tukienda wote kumi na moja na hotipoti ileile, maua yaleyale, kutoka duka lilelile, mteja atanunua kwa nani? Atanunua kwa atakayeshusha bei. Na huyo atakayeshusha bei atarudi na hasara, na sisi kumi tuliobaki tutarudi na mzigo. Kwa hiyo leo sitaongelea namna ya kuita wateja, hilo mnaliweza. Leo naongelea kuchagua mzigo, kwa sababu kwa miaka kumi na nne niliyouza vyombo nimeona watu wengi wanashindwa kabla hata hawajatandika kitambaa mezani, wanashindwa kulekule Kariakoo siku wanayonunua.

Na mi mwenyewe nilishindwa hivohivo. Mwaka wangu wa kwanza kupata meza nilienda Kariakoo na laki nne na nusu, humo laki mbili ni hela ya marejesho ya kikundi. Nikaingia duka moja nikakuta glasi za mguu mrefu, za kioo chembamba, zimepangwa chini ya taa zinameremeta, roho yangu ikatua palepale. Nikaiwaza sebule yangu, nikaliwaza kabati langu, mtu mwingine yeyote sikumuwaza. Nikachukua katoni kumi na mbili. Dada zangu, nilikaa kwenye ile meza siku nane. Watu wanakuja, wanashika, wanasema maashallah nzuri, wanaweka chini taratibu, alafu wanahamia meza ya jirani wananunua mabakuli. Mabakuli! Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima, ana mabakuli, majagi, miko, machujio, vitu ambavyo mimi niliviona vya kawaida sana, na kila siku saa kumi jioni anakunja turubai lake mzigo umekwisha. Mi katoni tisa zililala chini ya kitanda mpaka mwaka uliofuata, na marejesho nikalipa kwa kuuza cherehani.

Siku ya mwisho nilimfuata yule mama, nikampa shikamoo, nikamuuliza, mama unajuaje cha kununua? Akaniambia, mwanangu, mimi kabla sijapanda daladala kwenda Kariakoo nafumba macho kwanza nauangalia mkeka wa futari.

Fumbeni macho na nyie. Haya, fumbeni, hata nyie vijana. Jua limezama, adhana hiyo. Kitu cha kwanza mkononi ni nini? Tende. Tende zimekaa kwenye nini? Kisahani kidogo. Alafu maji, glasi. Alafu uji, uji wa pilipili manga unatoka mvuke, umekaa kwenye chupa ya chai au jagi lenye mfuniko, unamiminwa kwenye bakuli au kikombe cha mkono, na kumbuka nyumbani mko sita lakini wakati wa futari hamuwagi sita, kuna mtoto wa jirani, kuna shemeji kapitia, kuna fundi aliyekuwa anapiga bomba jua likamzamia. Kwa hiyo bakuli sita hazitoshi, na mama mwenye nyumba anajua hazitoshi, ndo maana kila Shaaban anakuja kuongeza mbili au tatu. Mbili au tatu! Mfungie seti ya kumi na mbili anaondoka, muachie achague tatu anazotaka anakulipa saa hiyohiyo.

Endeleeni kuangalia. Mihogo ya nazi hiyo, magimbi, maharage ya nazi, ndizi mbivu. Nazi imekunwa na nini, tui limechujwa na nini? Mbuzi, chujio. Mbuzi ya nazi mwaka mzima inakaa dukani haina mwenyewe, ikifika mwezi huu inatafutwa na watu hawaioni, kwa sababu ile ya zamani meno yameisha na hakuna aliyekumbuka mpaka siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Kaimati zinatolewa kwenye mafuta na kijiko cha matundu. Chapati kibao na mpini wake. Sambusa zinapangwa kwenye trei. Na daku je? Daku ndiyo mama wa hotipoti. Watu wengi hawaamki saa tisa usiku kuanza kuwasha moto, wanapika baada ya tarawehe wanafunika, saa kumi wanakula cha moto. Ukilijua hilo hutauza hotipoti kwa maua yake, utauza kwa masaa. Mwambie mteja, hii niliweka wali saa tatu usiku nikaufunua saa kumi alfajiri, ulikuwa hivi na hivi. Lakini uwe umeweka kweli. Nyumbani kwako, kabla hujanunua dazeni, nunua moja ukajaribu.

Kuna kitu kimoja kwenye ule mkeka ambacho mi kimenilisha kuliko vyote. Bakuli lenye mfuniko. Kwetu Uswahilini futari inatembea. We unampelekea jirani magimbi, yeye anakurudishia tambi. Bakuli linatoka leo na linarudi sijui lini, na mengine hayarudi kabisa, yako kwa mama fulani na wewe la kwake liko kwako mmeshasahau nani ni nani. Mama hawezi kutoa dina seti yake ya kabatini ikapite uchochoroni mkononi mwa mtoto wa miaka minane. Anataka bakuli la heshima, lenye mfuniko unaoshika, la shilingi elfu mbili na mia tano mpaka elfu nne, ambalo hata lisiporudi roho haiumi. Mwaka juzi nilibeba mia moja na ishirini ya aina hiyo. Wikiendi mbili yameisha.

Na wikiendi yetu ya kwanza, tarehe 14 na 15, ni wikiendi ya kuvunja jungu. Mfungo unatarajiwa kuanza tarehe 18 au 19. Watu wanakutana, wanapika pilau la pamoja, wanakula kwenye sinia. Siku hizo mbili masinia, miko mirefu, sufuria kubwa, sahani za kugawia. Jumatatu yake sinia haina mteja tena mpaka Idd inapokaribia, kwa hiyo masinia usibebe mengi, beba ya siku mbili na machache ya mwisho. Mnanielewa? Kila wikiendi ina mkeka wake.

Hapa naomba tusikilizane vizuri kwa sababu hili watu huwa hawalisemi. Mfuko wa mteja una kalenda, na kalenda hiyo mwaka huu imekaa vibaya kidogo. Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka kwa kalenda ya kawaida, kwa hiyo kilichofanya kazi mwaka juzi hakiwezi kufanya kazi mwaka huu kwa tarehe zilezile. Angalieni. Januari hii watu wamenunua yuniform, madaftari, wamelipa kodi za nyumba za miezi sita. Wikiendi ya 14 Februari mtu anaishi kwa kubana, mshahara bado. Wikiendi ya 21 bado. Mishahara inatoka kuanzia tarehe 25 hivi. Alafu Idd yenyewe inaangukia tarehe 20 au 21 Machi, yaani kabla mshahara wa Machi haujaingia. Kabla! Mmeona hapo?

Sasa niambieni, hotipoti ya seti ya elfu arobaini utaiweka mezani lini?

Kuna mwaka hili lilinikuta. Nilikuwa nimejiwekea kichwani kwamba watu wanatumia hela wikiendi ya mwisho kabla ya Idd, nikavificha vitu vizuri nyuma ya meza navisubirisha, dina seti nne, hotipoti kubwa kumi, nikiuza vidogovidogo. Wikiendi ya mwisho nikavitoa. Akaja dada mmoja muuguzi, ametoka kazini na sare zake, akaishika dina seti moja, akafungua kila sahani, akahesabu. Akaniambia, dada, mshahara ukitoka nakuja, usimpe mtu. Kwa macho yake nilijua hadanganyi. Mshahara ulipotoka bazaa ilikuwa imeshafungwa siku tano, uwanja mtupu, na mi sikuwa hata nimemwandikia namba ya simu. Aliitaka kwa dhati. Mi ndo nilikosea siku.

Kwa hiyo mwaka huu, vitu vya elfu ishirini kwenda juu, toeni wikiendi ya 28 Februari na 1 Machi, na ile ya tarehe 7 na 8. Hizo wikiendi mbili ndo za mshahara. Kabla ya hapo vidogo na vya kati. Baada ya hapo, tarehe 14 na 15 Machi, vitu vya Idd vya bei nafuu: glasi, majagi, visahani vya biskuti, trei za kumtolea mgeni soda, masinia ya pilau. Na yeyote atakayeshika chombo kikubwa akasema narudi, mwandikie namba ya simu, mwambie naweza kukuwekea kwa kianzio cha elfu kumi. Andika kwenye daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, hilo tumelelewa nalo.

Ndugu zangu Wakristo humu msijione mmeachwa pembeni. Mwaka huu Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, yaani Kwaresma na Ramadhani vinaanza wiki moja. Pasaka tarehe 5 Aprili. Hii ina maana kubwa kwa mzigo, nitaifikia.

Niwaambie sasa kuhusu jiko.

Zamani ukiuza sufuria hujali kitu, kila mtu alikuwa na jiko la mkaa, sufuria inakaa kwenye mafiga matatu ya chuma, iwe na tumbo la duara au bapa yote sawa. Saivi mambo yamebadilika. Serikali mwaka 2024 imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaokwenda mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka huo, na mmeona wenyewe ile mitungi ya gesi ya kilo 6 ya ruzuku iliyogawiwa kupitia REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia zilishaambiwa ziachane na kuni na mkaa. Hii ni habari ya jikoni, na kwa hiyo ni habari yetu sisi tunaouza vyombo.

Alikuja kwangu binti mmoja, anaishi chumba kimoja Mbagala Kuu, kanunua sufuria namuona anafurahi. Kesho yake karudi nayo imebonyea, na mkono umefungwa bandeji. Nikamkalisha. Kumbe ana mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, sufuria niliyomuuzia ni pana, kitako cha duara, akaijaza maharage, ikayumba ikamwagika. Mi nilimuuzia nikijua bei tu, sikumuuliza hata swali moja. Nilimrudishia hela yake yote na nikaenda naye zahanati. Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa mteja wa sufuria ni, mama unapikia nini nyumbani?

Na hilo swali jiulizeni kabla ya kununua mzigo. Hapa Mbagala chumba na sebule wengi wako kwenye mtungi mdogo au jiko la pleti mbili. Beba sufuria za kitako bapa, kipimo kidogo na cha kati, zenye mifuniko inayokaa. Sufuria mbili ziweze kukaa pamoja kwenye jiko la pleti mbili bila kugombana. Pima! Chukua utepe wa fundi cherehani, nenda kapime jiko la jirani. Alafu yapo majiko ya umeme ya juu ya kioo, na humo kuna ya aina mbili zinafanana kwa nje. Yale ya indaksheni hayapashi sufuria ya alumini hata ufanye nini, yanataka chombo ambacho sumaku inanata kitakoni. Kwa hiyo tembea na sumaku, hata ile ya spika mbovu inatosha. Ukienda Kariakoo ukaambiwa sufuria hii inafaa jiko lolote, weka sumaku chini ya kitako. Ikinata, sawa. Isiponata, usimuahidi mteja kitu hicho.

Ila sumaku isikudanganye upande mwingine. Wapo wanaosema sumaku ikinata basi siyo stenlesi ya kweli. Si hivyo. Kuna stenlesi nzuri isiyonata na kuna nafuu isiyonata pia, na kuna inayonata ambayo ni stenlesi kabisa. Ukikuta imeandikwa 18/8 au 304 hiyo ina nikeli ya kutosha, kwa kawaida inavumilia chumvi na ndimu. Zile za 201 zinang'aa hivohivo dukani, ila ukiziacha na mchuzi wa chumvi usiku kucha siku nyingi zinaanza kutoa madoa ya kutu. Si kwamba usiziuze, bei yake ni ya chini na watu wanazimudu, lakini uza kwa jina lake. Na nonstiki mwambie mteja asiache kikaango kitupu motoni na asitumie mwiko wa chuma, basi. Vyombo vya melamini haviingii kwenye maikrowevu, hilo nalo mwambieni.

Sasa kukagua mzigo. Hapa nitakuwa mkali kidogo mnisamehe.

Mnaenda Kariakoo saa saba mchana, jua kali, Mtaa wa Kongo haupitiki, umebeba mtoto, muuzaji anakuharakisha, unalipia katoni zimefungwa gundi unapakia. Kwa nini? Hela ni ya nani? Mwaka mmoja nilinunua chupa za chai ishirini na nne kwa staili hiyo. Bei ilikuwa nzuri mno, elfu nane wakati wengine wanauza kumi na moja. Meza ikafunguliwa, Jumamosi nikauza tisa. Jumapili asubuhi wakarudi saba. Saba kati ya tisa! Chai ya saa mbili usiku saa tano imepoa. Kumbe kizibo kilikuwa hakikazi, mpira wake wa ndani mwembamba, mvuke unatoka. Nilirudisha hela za watu mbele ya wateja wengine waliosimama wanaangalia, na nilirudisha kwa moyo mmoja kwa sababu walikuwa na haki. Muuzaji aliniambia mzigo ukishatoka dukani haurudi. Sikuwa na risiti wala sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo nendeni asubuhi, maduka ndo yanafunguliwa, muuzaji bado ana subira. Fungua katoni. Siyo ya juu, ya juu wameipanga vizuri, fungua ya katikati. Glasi gonga kwa kucha, isikilize, yenye ufa sauti yake inakufa. Pitisha kidole ukingoni. Chupa ya chai omba maji ya moto, mama ntilie wako pale kila kona, mpe mia tano akupe maji, mimina, kaza, ipindue, subiri ukimaliza kuchagua vingine uishike kwa nje. Ikiwa imepata moto mwilini, hiyo kioo chake cha ndani hakina kazi. Hotipoti funga mfuniko alafu inyanyue kwa mfuniko. Bakuli panga kumi moja juu ya nyingine uone kama zinakaa wima, zilizopinda zitakusumbua mezani na kwenye gari. Kisu kata karatasi. Mwiko nusa, wenye harufu ya vanishi usinunue, ni chombo cha kuingia kwenye uji wa mtu aliyefunga.

Vya umeme ndo kabisa. Mi niliwahi kununua rais kuka sita za kupikia wali, nzuri, za rangi ya fedha, bei ya kutupa. Mteja wa kwanza kaichomeka ikatoa moshi. Tukaangalia kibandiko chini, 110 volti. Umeme wetu ni 230. Kilikuwa kimeandikwa siku zote, sikukisoma. Soma kibandiko. Angalia plagi, yetu ni ya miguu mitatu minene. Chomeka hapohapo dukani. Na jiulize, uwanjani kwetu kuna umeme? Hakuna. Utamwonyeshaje mteja kwamba brenda inasaga? Kwa bazaa hii ushauri wangu vya umeme tuviache.

Na risiti. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kila ununuzi. Ukisimamishwa na mzigo njiani bila risiti utaeleza nini?

Tupige hesabu kidogo, chukueni kalamu. Tuseme una laki nane. Mi ningefanya hivi: laki tatu vitu vya chini ya elfu tano, yaani bakuli za mfuniko, machujio, miko, visahani, mbuzi mbili tatu. Laki tatu nyingine vya kati, chupa za chai, majagi na glasi zake, sufuria za kitako bapa. Laki moja tu vikubwa, hotipoti za seti mbili au dina seti moja ya kuita macho. Laki moja haiguswi. Hiyo ni meza, ni kirikuu cha kubebea mzigo, ni chenji za mia tano mia tano, ni kitakachovunjika. Maana kitavunjika. Na mifuko pia imo humo, ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo ni mifuko mbadala na magazeti ya zamani ya kuviringishia glasi, anzeni kukusanya magazeti leo.

Sasa wengi wanasema chujio nimenunua kwa elfu moja na mia tatu, nimeuza elfu mbili, faida mia saba. Hapana. Ukilipa meza elfu sitini na gari elfu arobaini hiyo ni laki. Ukibeba vitu mia moja, kila kimoja kimebebeshwa shilingi elfu moja kabla hujaona faida, na chujio lako la faida ya mia saba limeshazama. Ukibeba vitu mia nne, kila kimoja kina mia mbili na hamsini, hapo mia saba inabaki mia nne na hamsini. Ndo maana nasema vidogo lazima viwe vingi. Vidogo vichache ni hasara, hata vikiisha vyote.

Na wale mnaotaka kuongeza mtaji kwa zile hela za kausha damu, za kurejesha kila siku, nawaomba kwa upendo, msifanye. Vyombo havirudishi hela kila siku. Vyombo vinasubiri mshahara wa mtu. Beba kidogo cha hela yako mwenyewe.

Nimalizie na lile la Kwaresma nililoahidi. Mzigo mwingine utabaki, lazima, hakuna aliyewahi kuuza wote. Swali ni huo mzigo unaobaki unaenda wapi. Ramadhani harusi chache. Kwaresma harusi chache. Mwaka huu vyote viwili vinaanza pamoja, kwa hiyo watu wote wanaotaka kuoa, wa msikitini na wa kanisani, watasimama. Mfunguo Mosi wanaanza hawa, baada ya tarehe 5 Aprili wanaanza na wale. Aprili kicheni pati zitakuwa kila mtaa! Na kicheni pati wanapeleka nini? Vyombo. Kwa hiyo kila unaponunua kitu kwa ajili ya bazaa jiulize, hiki kikibaki, naweza kukifunga ribini nikamuuzia shangazi wa bibi harusi? Hotipoti, ndiyo. Seti ya sufuria, ndiyo. Jagi na glasi sita ndani ya boksi lake, ndiyo, kwa hiyo maboksi msitupe, na msiyaweke chini, masika inaanza Machi na maji ya ule uwanja mnayajua, tafuteni chaga muinue mzigo. Sahani yenye maandishi ya Ramadhan Kareem je? Hiyo ikibaki imebaki mpaka mwaka kesho. Chukua chache sana.

Zile glasi zangu za mguu mrefu mnajua ziliishia wapi? Mwaka uliofuata, kwa mama mmoja aliyekuwa anaandaa kicheni pati ya mwanawe, alichukua katoni zote tisa kwa mkupuo. Zilipata mwenyewe, zilikuwa zimekosea mwezi.

Haya. Sasa meza kumi na moja tugawane. Nimemwomba katibu aandike: watatu wabebe mkeka wa futari, yaani mabakuli na uji na tende. Wawili sufuria na vifaa vya kupikia. Wawili chupa za chai na hotipoti. Wawili vya kaimati, chapati na sambusa, trei zikiwemo. Mmoja glasi na majagi. Mmoja masinia na vyombo vya wageni, na huyo namwomba awe mama yetu hapa mbele, yeye wapishi wa shughuli wote wa mtaa wanamjua. Anayetaka kubadilishana abadilishane leoleo kabla hatujaondoka.

Jumanne tunaenda Kariakoo pamoja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kituoni Rangi Tatu. Njooni na viatu vya chini, utepe wa kupimia, na mi sumaku ninayo. Mwenye maswali aanze, mama kule nyuma nimekuona mkono uko juu muda mrefu.